Mjumbe Hauawi: Kitabu cha Kusadikika na Wakubwa wa Vyama Vyetu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Amma baad.

Mara nyingi mimi nawe hukutana hapa kwa mazungumzo ya fiqhi, ya sira na ya tabia njema. Leo nakuomba ruhusa tukizungumze kitabu cha hadithi. Najua wapo watakaouliza: sheikh na vitabu vya hadithi, wapi na wapi? Jawabu yangu ni kuwa wazee wetu walitufunza kuiokota hekima popote ionekanapo, hata ikiwa njiani.

Na hekima niitakayo leo ni ya uongozi. Hebu itazame nyumba yako. Baba yumo katika kamati ya msikiti, mama ni mshika fedha wa upatu wa mtaa, kaka ni katibu wa chama cha maziko, na mjomba ni mjumbe katika ushirika wa wavuvi. Hatuna nyumba isiyokuwa na kiongozi, wala hatuna mtaa usiokuwa na malalamiko juu ya viongozi. Kila chama kikivunjika twasema, "Watu wetu hawaongozeki." Mimi nasema tuwatazame kwanza wale wanaoongoza, na kioo nitakachokitumia ni kitabu cha Kusadikika cha Shaaban Robert.

Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa katika sehemu za Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, hahitaji kujulishwa kwa wasomaji wa Kiswahili. Lakini jambo moja katika maisha yake aghlabu husahauliwa, nalo ni kuwa alikuwa karani. Aliingia kazi ya forodha mwaka 1926, na baada ya hapo akatumika katika idara nyingine za serikali ya kikoloni ya Tanganyika kwa miaka mingi. Kitabu hiki kilipopigwa chapa mwaka 1951 yeye bado alikuwa mtumishi. Basi aandikapo habari za wakubwa na wadogo, haandiki mambo ya kusimuliwa. Alikaa kwenye meza ndogo akaitazama meza kubwa kila siku.

Kwa ambaye hajakisoma, au alikisoma skuli akakisahau, kisa chenyewe ni hiki. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Mtu mmoja, Karama, ashitakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria, elimu ambayo haikuwako katika nchi hiyo. Mshitaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Karama asimama kujitetea, wala hajisifu wala halii. Asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani na nchi hiyo hiyo: wanne walikwenda pande nne za dunia, mmoja alikwenda mbinguni na mmoja ardhini, wakatafute yatakayowafaa watu wao. Kila mmoja aliona taabu safarini. Kila mmoja alirudi na habari ya manufaa. Na kila mmoja malipo yake yakawa kifungo. Mwisho mfalme asikia maneno, Karama aachiliwa, na wale wajumbe watolewa gerezani.

Walimu wengi huwasomesha vijana kuwa kitabu hiki ni fumbo juu ya utawala wa kikoloni. Sina ugomvi na fasiri hiyo. Mtu aliyekuwa mtumishi wa wakoloni asingeweza kuwasema kwa uwazi, akaona aipeleke nchi yake angani ili ulimi upate nafasi. Lakini fasiri hiyo tukiishia hapo ina hatari moja: hutukalisha raha mustarehe. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, Kenya na Unguja mwaka 1963. Ikiwa Majivuno alikuwa Mwingereza, basi alikwisha panda meli akaenda zake, nasi tu salama. Kama ni hivyo, mbona wajumbe wangali wakifungwa?

Tafadhali usiniambie kuwa vyama vyetu havina magereza. Gereza la chama si kuta na makufuli. Gereza la chama ni kutoitwa mkutanoni. Ni kuambiwa "huna adabu" kwa kuuliza swali la hesabu. Ni kupewa jina la mfitini, kisha jina hilo likakutangulia harusini na matangani. Ni kuvuliwa kazi kwa maneno matamu, "kwa maslahi ya umoja wetu." Wahenga walisema mjumbe hauawi. Na kweli, siku hizi haawi. Ananyamazishwa tu, akaishi mpaka uzeeni na habari yake moyoni.

Sasa nikuoneshe mambo mawili ambayo mwandishi ameyaona vizuri kuliko vitabu vingi vya uongozi vinavyouzwa leo.

La kwanza, wale wajumbe hawakujituma. Waliotuma ni wakubwa wenyewe. Maana yake ni kuwa nchi ya Kusadikika haikuharibikiwa kwa kukosa maarifa. Maarifa ililetewa mpaka mlangoni, mara sita, na watu waliokwisha teseka kwa ajili yake. Ilichokosa ni masikio. Nami nimeona hivyo hivyo katika vyama vyetu. Twamchagua mweka hazina kwa kuwa ajua hesabu, kisha twamkasirikia siku asemapo hesabu haikukaa sawa. Twaunda kamati ndogo ichunguze, kisha ripoti yake twaitia mtotoni mwa meza. Mtu asiyetaka kujua asitume. Kumtuma mtu halafu kumwadhibu kwa alichokiona ni dhulma, na ni upumbavu pia, kwani kila aliyeshuhudia atajifunza kuleta habari za kufurahisha tu.

La pili, wajumbe ni sita. Nimewasikia wasomaji wakilalamika kuwa kitabu charudia jambo moja mno; ukifika kwa mjumbe wa nne umekwisha jua la wa tano. Ni kweli, na mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nalichoka hapo. Lakini leo nauona uzito wa kurudia kule. Wa kwanza akifungwa, ni kosa la mtu. Wa sita akifungwa, ni desturi ya nchi. Hivyo ndivyo chama kinavyooza. Hakiozi siku moja kwa dhambi moja kubwa, bali huoza kwa jambo dogo lililofanywa mara sita mpaka likaitwa utaratibu.

Nawe, ndugu yangu, linganisha hayo na mwendo wa Mtume wetu (s.a.w.). Katika vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, wameeleza waandishi wa sira kuwa Hubab bin al-Mundhir alimwendea Mtume akamwuliza kama mahali alipopiga kambi ni amri iliyoshuka au ni rai na mbinu za vita. Alipoambiwa ni rai, akasema mahali hapo hapafai, yafaa wasogee kwenye maji. Mtume akasogea. Hubab hakuambiwa amevunja heshima. Mwaka wa 6, pale Hudaybiya, masahaba walikuwa na huzuni wakazito kuinuka kuchinja na kunyoa. Aliyetoa shauri ni mkewe, Mama wa Waumini Ummu Salama: atoke asiseme na mtu, achinje na anyoe yeye mwenyewe kwanza. Alifanya hivyo, na watu wakamfuata. Shauri la mwanamke kutoka ndani ya hema liliuokoa mkutano wa wanaume zaidi ya elfu.

Lakini kubwa zaidi kwangu ni la Uhud, mwaka wa 3. Rai ya Mtume ilikuwa wakae ndani ya Madina. Wengi, khasa vijana waliokosa Badri, wakataka kutoka. Akawafuata. Wakashindwa, na wakafa mashahidi kiasi cha 70, miongoni mwao ami yake Hamza. Ukiwa wewe ndiye mwenyekiti, ungesemaje baada ya hapo? Ungesema, "Nilikwambieni! Tangu leo hakuna tena kushauriana." Lakini itazame aya ya 159 katika Sura Aali Imran, iliyoshuka baada ya msiba huo. Yamwamrisha Mtume awasamehe, awaombee maghufira, na aendelee kushauriana nao. Shura haikufutwa kwa kuwa ilikwenda kombo mara moja. Fundisho kubwa kuliko hilo juu ya uongozi mimi silijui.

Sasa nitakueleza kisa changu mwenyewe, kwani si haki nimseme Majivuno nikajificha.

Miaka mingi iliyopita nalikuwa katibu wa kamati ya chuo kimoja, katika mji mmoja wa pwani ambao sitautaja. Tulikuwa tukichangisha fedha za kuezeka paa. Mweka hazina wetu alikuwa kijana, mpole, mwandiko wake safi. Siku ya mkutano alisoma hesabu, akaeleza kuwa fedha zilizokusanywa na fedha zilizotumika hazilingani, na kuwa daftari halioneshi nyingine zimekwenda wapi. Hakumtaja mtu. Mwenyekiti wetu, mzee mwenye ibada na ukarimu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kijana huyu ameletwa hapa kutuvunjia heshima." Basi watu wakamgeukia kijana.

Mimi nilikuwa nimekwisha ziona stakabadhi. Nalijua asemayo ni kweli. Na nikafanya nini? Nikasimama nikazungumza juu ya fadhila ya kusitiri aibu za Waislamu, maneno mazuri yaliyowekwa mahali pabaya, kisha nikamtaka kijana amwombe mzee radhi. Akaomba radhi. Akaliweka daftari mezani akatoka, wala hakurudi tena katika kamati yoyote.

Baadaye sana tukaujua ukweli. Mzee hakuiba hata senti. Nyumba moja ya mayatima ilifikwa na shida ya ghafla, akawakopesha kutoka katika fedha za chuo kwa nia ya kuzirudisha, hakuandika, na akaona haya kusema. Laiti angaliulizwa kwa upole, au angalisema pale pale, jambo lingalikwisha usiku ule ule, na pengine tungalichanga tena kwa ajili ya wale mayatima. Badala yake mtaa ulisema yake. Michango ikakatika. Masika mawili watoto walisoma juu ya majamvi yaliyorowa. Na yule mzee akafa watu wakiamini ni mwizi. Kijana alikuja kumwokoa, sisi tukadhani amekuja kumwua. Na aliyefunga mlango ni mimi, mwenye kilemba.

Kwa ajili hiyo ndipo nikarudi kukisoma tena kitabu cha Kusadikika kwa macho mengine, na kwa macho hayo nikaona kasoro zake mbili.

Kasoro ya kwanza imo katika majina. Mwandishi amempa mshitaki jina la Majivuno, na msomaji alipata jina hilo humchukia mtu kabla hajanena. Hiyo ni njia ya zamani ya kufunza na ina baraka zake. Lakini yatudanganya kidogo. Katika dunia yetu Majivuno haitwi Majivuno. Huitwa mzee wetu, huswali safu ya mbele, hulipa ada ya watoto wa jirani. Mwenyekiti wangu hakuwa na majivuno hata kidogo. Alikuwa na haya. Nami sikuwa na chuki na kijana. Nalikuwa na hofu ya mkutano kuharibika. Wajumbe wengi hufungwa na watu wema wanaoogopa. Kitabu hakikutuonesha mtu wa namna hiyo, na huyo ndiye tunayekutana naye kila wiki.

Kasoro ya pili imo katika mwisho. Karama ashinda kwa ufasaha wake, na kwa kuwa mfalme siku ile alikubali kusikiliza. Nami nafurahi kwa ajili yake. Lakini jiulize: je, angalikuwa na kigugumizi? Je, mfalme angaliamka na homa? Yule kijana wetu hakuwa msemaji, na daftari lake lilikuwa na ufasaha kuliko ulimi wake. Chama ambacho haki yake yategemea ulimi wa mshitakiwa na moyo wa mkubwa kwa siku ile hakijapata kiongozi, kimepata bahati. Na bahati haina zamu.

Hapa ndipo dini yetu inapokwenda mbele zaidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 ya Sura Al-Baqara, nayo haikuja kwa habari ya vita wala ya pepo. Ni aya ya kuandika madeni. Yataka deni liandikwe, dogo na kubwa, kwa uadilifu na mbele ya mashahidi. Na karibu na mwisho wake limo katazo ambalo wafasiri wamelisoma kwa njia mbili: kuwa mwandishi na shahidi wasidhuru, na kuwa mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Fikiri, ndugu msomaji. Mwenye kushika daftari amewekewa ulinzi na Mola wake kabla hata mwenyekiti hajachaguliwa. Sisi tulikuwa tukiihifadhi aya hiyo katika chuo kile kile ambacho tulimdhuru mwandishi wake.

Na Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) aliijua maana ya hayo. Watu wa Kufa walipomshitaki liwali wao, Saad bin Abi Waqqas, sahaba mkubwa miongoni mwa kumi waliobashiriwa pepo, Umar hakuwaambia "Mwajua mnamsema nani?" Akatuma watu wakaulize msikiti baada ya msikiti. Takriban wote walimsifu Saad. Hata hivyo Umar akamwondoa, akaweka mwingine. Na alipokuwa katika kufa kwake akabainisha kuwa hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa khiyana. Tazama mizani hiyo: mshitaki hakupigwa, mshitakiwa hakuvunjiwa heshima, na kazi ya watu haikukwama.

Basi tufanye nini sisi wa kamati ndogo ndogo? Sina maneno makubwa. Nina mambo machache ambayo nimeyajaribu tangu siku ile, na yametufaa.

Hesabu isomwe kwa wakati uliowekwa, hata kama hakuna anayeiuliza, ili kuiuliza kusiwe ni tuhuma. Fedha zisitoke kwa mkono mmoja. Awepo wa pili wa kutia sahihi, na huyo wa pili asiwe mtoto wa wa kwanza. Mwenyekiti asiwe wa kwanza kutoa rai, kwani akisema yeye kwanza wengine wataitikia amin. Aletaye habari mbaya ashukuriwe mbele ya watu kwanza, kisha habari ichunguzwe. Ikiwa si kweli aelezwe kwa faragha. Mkopo wa huruma uandikwe kama mkopo wa biashara, kwani huruma isiyoandikwa hugeuka tuhuma. Na uongozi uwe na muda, ili mtu aondoke akiwa na heshima yake mkononi, asingoje kuondolewa.

Nawe uliye mkubwa wa chama, ikumbuke methali yetu: mkubwa ni jaa. Jaa hutupiwa kila kitu, safi na kichafu, nalo halimrudishii mtu taka zake usoni. Asiyeweza kuwa jaa aombe kazi nyingine, kuna nyingi zenye thawabu. Tumezoea kuwaambia vijana kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini na mkuu asiyesikia la mdogo huvunja guu la chama kizima.

Mwisho nitarudi nyumbani kwako, kwa kuwa huko ndiko kamati zote zianzako. Mtoto amevunja kikombe akaja mwenyewe kukwambia. Ukimpiga kwa kusema kweli, umemfunza kuficha. Siku moja atakuwa mweka hazina, au atakuwa mwenyekiti mwenye haya ya kusema. Ukimwambia, "Umefanya vyema kuniambia, sasa tuokote vipande," umekwisha mlea kiongozi. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Baba ataulizwa, na mama ataulizwa, na katibu aliyenyamaza naye ataulizwa.

Kitabu cha Kusadikika kisomeni nyumbani, wazazi pamoja na watoto. Mkifika pale wajumbe wanapofungwa, msiulize ni serikali gani inayosemwa. Ulizeni ni nani katika mtaa wenu aliyeliweka daftari mezani akatoka. Mfuateni. Mimi wangu nalimfuata baada ya miaka mingi, nikamwomba radhi mbele ya wanawe. Alinisamehe, Allah amjazi kheri. Lakini aliponikaribisha kahawa niliona mikono yake imekwisha zeeka, nikajua ni miaka mingapi chuo chetu kilikosa mwandiko ule.

Wabillahi tawfiq.